Betri ya gitaa la galatoni lenye pikapu: kuikagua, kuibadilisha, na kujua kama tatizo ni betri kweli

FundiNyuzi (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa,

Magitaa mengi ya galatoni (yaani ya akustiki) yanayoletwa kwa mafundi hapa Dar es Salaam kwa maelezo kwamba "pikapu imekufa" hayana pikapu (kinasa sauti cha nyuzi) iliyokufa. Yana betri iliyokwisha, au yana betri nzima ambayo umeme wake haufiki unakotakiwa kwa sababu ya klipu yenye kutu, waya uliokatika au jeki (tundu la kuchomekea kebo) iliyolegea. Nimeandika uzi huu ili mwenye gitaa aweze kujikagulia kabla ya kulipa nauli ya kwenda Kariakoo, na pia ili niseme jambo moja ambalo wauzaji wa magitaa hawalisemi vya kutosha: kinachomaliza betri ya gitaa mara nyingi si kupiga, bali ni kebo inayoachwa imechomekwa.

Tuanze na sababu ya betri kuwemo. Gitaa la umeme la kawaida lina pikapu za sumaku zenye koili, na nyuzi za chuma zinapotikisika karibu na sumaku hizo, koili hutoa umeme wa kutosha kusafiri kwenye kebo hadi kwenye ampilifaya bila msaada. Galatoni nyingi hutumia kitu kingine, nacho ni kipande chembamba cha piezo kinacholala chini ya kile kijiti cheupe kinachobeba nyuzi kwenye daraja. Piezo hutoa umeme inapobanwa na mtikisiko wa nyuzi, lakini umeme huo una ukinzani mkubwa sana, kiasi kwamba ukiupeleka moja kwa moja kwenye kebo ndefu na kwenye mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti), sauti hufika ikiwa nyembamba, imepoteza besi na imebeba mingurumo ya njiani. Ndiyo maana watengenezaji huweka priampu ndani ya gitaa, yaani saketi ndogo inayoupokea umeme huo dhaifu na kuutoa ukiwa na nguvu ya kuhimili safari. Vile vizungusho vya sauti, besi na trebo vilivyo ubavuni mwa gitaa ni sehemu ya priampu hiyo, na tyuna (kifaa cha kuoanishia nyuzi) pia ikiwemo. Hivyo vyote vinakula betri moja.

Zipo pikapu za galatoni zisizotumia betri kabisa, kwa mfano K&K Pure Mini, ambayo hubandikwa kwa ndani chini ya daraja. Mwenye gitaa la namna hiyo asihangaike kutafuta kisanduku cha betri ambacho hakipo.

Betri inayotumika zaidi ni ile ya mstatili ya volti 9, ambayo ilianza kuenea katika miaka ya 1950 pamoja na redio za transista. Ndani yake mna seli sita za volti 1.5 zilizounganishwa mfululizo. Hata hivyo si magitaa yote yanayoitumia. Yamaha nyingi za TransAcoustic hutumia betri mbili za AA, na priampu ya Fishman Isys+ hutumia betri mbili za duara bapa za CR2032, zile zinazofanana na betri za saa. Fungua kwanza gitaa lako, tazama kilichomo, ndipo uende dukani.

Sasa swichi iko wapi? Hili ndilo swali ambalo wapigaji wengi hawajawahi kujiuliza, kwa sababu gitaa halina kitufe cha kuwasha. Swichi ni jeki yenyewe. Ukiitazama jeki ya gitaa lenye priampu utakuta ina migusano mitatu: wa ncha, wa pete na wa shina. Sauti hupita kwenye ncha, na waya hasi wa betri umeunganishwa kwenye pete. Kebo ya gitaa ya kawaida haina pete, kwa hiyo shina lake refu la chuma linapoingia hugusa pete na shina la jeki kwa pamoja, waya hasi hukamilisha mzunguko, na priampu huwaka. Ukichomoa kebo, mzunguko hukatika na priampu huzima. Ni ubunifu mzuri na wa bei nafuu, lakini una matokeo yake: kupunguza sauti hadi sifuri hakuzimi kitu, kuzima mikisa hakuzimi kitu, na hata kuzima umeme wa ukumbi mzima hakuzimi kitu. Maadamu kebo imo ndani ya gitaa, betri inaliwa.

Tufanye hesabu. Betri nzuri ya alkali ya volti 9 hubeba takriban miliampia-saa 500 (yaani miliampia zikizidishwa kwa saa) inapotumiwa polepole. Chukulia priampu yako inakula miliampia 3, kiwango ambacho si cha ajabu. Ukigawanya utapata saa zaidi ya 160 za kazi. Mpigaji wa kanisani anayetumia gitaa saa nne kwa juma, mazoezi na ibada pamoja, atakaa na betri hiyo miezi tisa hivi. Wiki moja ina saa 168. Hii ina maana kwamba gitaa lililowekwa kwenye stendi yake Jumapili mchana huku kebo ikiwa imechomekwa litakuwa limekula betri nzima kufikia Jumapili inayofuata, bila mtu kupiga hata noti moja. Ukisikia mtu analalamika kwamba gitaa lake "linakula betri", muulize kwanza analihifadhije.

Tyuna ina mambo yake. Katika priampu nyingi tyuna huwaka hata kebo ikiwa nje, kwa hiyo ukimaliza kuoanisha nyuzi hakikisha umeizima na kioo hakina mwanga.

Dalili za betri inayokwisha ni rahisi kuzitambua ukishazizoea. Mwanzoni gitaa husikika vizuri likipigwa taratibu, lakini ukichapa nyuzi kwa nguvu sauti hupasuka, kwa sababu priampu haina tena volti za kutosha kuubeba ule mdundo mkubwa. Baadaye sauti hupungua yenyewe katikati ya wimbo na fundi mitambo huanza kupandisha kwenye mikisa akidhani tatizo ni lake. Mwishoni huja mikwaruzo, kisha ukimya. Baadhi ya priampu zina taa nyekundu ya kuonya. Ukiiona, usiianze ibada ya saa tatu kwa kutegemea bahati.

Njia ya uhakika ni kupima kwa multimita, yaani mita ya kupimia umeme. Betri mpya ya alkali husoma zaidi ya volti 9, mara nyingi karibu na 9 na nusu. Mimi hubadilisha inaposhuka chini ya volti 7 na nusu, ingawa priampu nyingi huendelea kuimba chini ya hapo, kwa sababu betri inagharimu kidogo kuliko aibu. Zingatia kwamba betri iliyochoka ikipumzika usiku kucha hujikusanya na kusoma volti nyingi kuliko inavyoweza kubeba, kwa hiyo pima mara tu baada ya kupiga, au pima gitaa likiwa limewashwa kama unaweza kuzifikia ncha za klipu. Wale wanaoonja betri kwa ulimi wanapata habari moja tu, kwamba kuna umeme. Ulimi hausomi volti.

Kuhusu kununua, acha kutazama rangi ya ganda na utafute maandishi madogo. Betri ya alkali ya volti 9 huandikwa 6LR61 au 6LF22, na ile ya zinki na kaboni huandikwa 6F22. Herufi L ndiyo inayotofautisha. Kwa betri za AA, alkali ni LR6 na kaboni ni R6. Maneno "Heavy Duty" au "Super Heavy Duty" yaliyoandikwa kwa herufi kubwa ni ya betri za kaboni, ambazo zina uwezo mdogo na, mbaya zaidi, kopo lao la zinki ndilo linalolika betri inapofanya kazi. Kopo likishatoboka, majimaji yake humwagikia migusano ya gitaa. Ukinunua dukani ambako wana mita, omba wakupimie mbele yako, kwa kuwa betri iliyokaa juani kwenye kabati la vioo kwa muda mrefu inaweza kuwa imepungua kabla hujaifungua. Angalia pia tarehe ya mwisho iliyochapwa.

Kubadilisha kwenyewe hakuhitaji fundi. Punguza sauti kwenye mikisa kisha uchomoe kebo, kwa sababu ukibadilisha betri huku gitaa limeunganishwa, spika zitapiga mshindo ambao hauzifai. Katika magitaa mengi kisanduku cha betri kiko ubavuni, ndani ya priampu au karibu na jeki, na hufunguliwa kwa kubonyeza kikamatio kidogo. Kibonyeze kwa kidole, si kwa bisibisi, maana plastiki yake huvunjika kirahisi na kipuri chake ni kazi kukipata. Katika magitaa mengine, hasa yenye pikapu zilizofungwa baadaye, betri iko ndani kabisa kwenye kimfuko kilichobandikwa karibu na shina la shingo, na unaifikia kwa kupitisha mkono kwenye tundu la sauti. Hapo legeza nyuzi mbili za katikati ili mkono upite bila kuzikwaruza, na uondoe pete na saa.

Betri ya volti 9 ina vifungo viwili visivyolingana: kidogo cha mviringo ni chanya, kikubwa chenye pembe ni hasi. Klipu yenye waya mwekundu na mweusi haiwezi kufunga vibaya, lakini inaweza kugusa vibaya kwa sekunde moja ukiwa gizani, na si kila priampu ina kinga dhidi ya hilo. Kwenye kisanduku kisicho na waya, fuata alama za chanya na hasi zilizochorwa ndani. Usivute waya unapotoa betri ya zamani. Shika klipu yenyewe, uinyanyue upande mmoja kisha wa pili. Waya nyingi ninazozilehemu upya zilikatika kwa kuvutwa.

Betri ikicheza ndani ya kisanduku, zinyanyue kidogo zile ndimi za chuma kwa ncha ya kijiti cha mbao ili zibane. Betri inayocheza hutoa kelele ambayo watu huichukulia kuwa ni kelele ya pikapu.

Maswali yanakaribishwa. Tafadhali taja aina ya priampu, kwa sababu jina la gitaa peke yake halitoshi.

MamaKwaya_Msa

Ahsante sana fundi kwa maelezo haya. Mimi ni mwalimu wa kwaya huku Mombasa, na gitaa letu la kanisa lina priampu ya Fishman ya betri ya volti 9. Tumeweka betri mpya ya alkali, lakini sauti inakatika na kurudi, na ukigonga gitaa ubavuni hurudi kwa muda. Nilipofungua kisanduku nilikuta unga mweupe kwenye ndimi za chuma na sehemu moja ina rangi ya kijani. Je, hiyo ni kutu ya hewa ya bahari au ni betri iliyovuja? Na je, naweza kuisafisha bila kuharibu priampu?

FundiNyuzi

Mama, kwa maelezo yako vyote viwili vipo. Unga mweupe ni alama ya betri iliyovuja, na kijani ni shaba iliyoliwa, jambo ambalo hewa ya chumvi ya pwani huliharakisha.

Kinachohitajika ni kujua betri iliyovuja ilikuwa ya aina gani, kwa sababu tiba zake zinapingana. Betri ya alkali humwaga potasiamu haidroksaidi, ambayo ni besi kali ya kikemia (kinyume cha asidi), na ikikutana na hewa huganda kuwa ule unga. Hiyo husafishwa kwa asidi dhaifu: tone la siki au maji ya ndimu kwenye kijiti cha pamba. Betri ya kaboni humwaga majimaji ya asili ya asidi, na hiyo husafishwa kwa magadi ya kuokea yaliyochanganywa na maji kidogo. Kwa vyovyote vile, pamba iwe imelowa kidogo tu na isidondoshe, gitaa liegemezwe ili majimaji yasiingie kwenye saketi, na mwisho ufute kwa spiriti kisha uache kisanduku wazi hadi kikauke kabisa. Vaa glavu, na usijifute macho kabla ya kunawa, kwani potasiamu haidroksaidi huunguza.

Zile ndimi zikishang'aa, zinyanyue kidogo. Ikiwa chuma kimeliwa hadi kimekuwa chembamba, kusafisha kutakupa wiki chache tu, na kisanduku kinatakiwa kibadilishwe. Huko pwani ningeshauri pia betri itolewe kila gitaa linapokaa zaidi ya mwezi bila kutumika.

BesiNzito

Mkuu, nakubaliana na mengi isipokuwa msisitizo wako wa alkali. Sisi tunaopiga hotelini kila usiku tukifuata ushauri huu tutajaza ndoo za betri. Ninatumia betri ya kuchaji ya volti 9, nimekuwa na mbili kwa muda mrefu, moja ndani ya gitaa na nyingine kwenye chaja, na sijawahi kukatikiwa jukwaani. Kwa nini uwashauri watu kununua kitu cha kutupa?

FundiNyuzi

Ndugu BesiNzito, kwa mtu anayepiga kila usiku una hoja, na sitaipinga. Uzi niliuandika nikiwafikiria wapigaji wa mara moja au mbili kwa juma, ambao ndio wengi.

Hata hivyo wasomaji wajue tofauti. Betri ya kuchaji ya nikeli ya volti 9 mara nyingi ina seli saba za volti 1.2, ambazo jumla yake ni volti 8.4, na zipo zenye seli sita tu ambazo hutoa volti 7.2. Hizi za mwisho huanza kazi zikiwa tayari chini ya kiwango ambacho mimi ningeibadilisha alkali. Uwezo wake nao ni mdogo, kwa kawaida kati ya miliampia-saa 175 na 300, na zile za kizamani hujimaliza zenyewe zikiwa zimekaa bure. Kwako wewe unayezichaji kila siku hilo si tatizo. Kwa mwalimu wa kwaya anayelitoa gitaa Jumamosi jioni, ni tatizo.

Kuna aina ya pili, ya lithiamu, inayochajiwa kwa waya wa simu. Baadhi yake zina saketi ndani inayopandisha volti, na saketi hiyo inaweza kupenyeza mluzi mwembamba kwenye priampu. Nyingine huzima ghafla bila kupungua sauti kwanza, kwa sababu kinga yake hukata umeme mara moja. Kabla hujapanda nayo jukwaani, ijaribu nyumbani kwa sauti kubwa na usikilize pasipo kupiga.

BesiNzito

Hilo la mluzi ni kweli, niliwahi kulisikia kwenye gitaa la rafiki yangu tukadhani ni taa za jukwaa. Zangu ni za nikeli, seli saba. Nitaendelea nazo.

FundiMitambo_Arusha

Naomba kuongeza swali kutoka upande wetu wa mikisa. Wapigaji wengi hutuomba tuwashe volti 48 za maikrofoni wakiamini kwamba zitalilisha gitaa na kuokoa betri, hasa gitaa linapopitia kwenye kisanduku cha DI (kinachounganisha kebo ya gitaa na kebo ya kwenda kwenye mikisa). Mimi huwaambia haiwezekani, lakini hawaniamini. Pia nimekutana na mpigaji aliyetoboa gitaa ili aingize adapta ya volti 9 ya pedali (kifaa cha kubadili sauti kinachokanyagwa) badala ya betri.

FundiNyuzi

Uko sahihi kabisa. Volti 48 zinazotoka kwenye mikisa hupanda kwenye kebo ya maikrofoni na kuishia kwenye kisanduku cha DI. Zinaweza kukilisha kisanduku hicho chenyewe kikiwa ni cha aina inayohitaji umeme, lakini hazivuki kuingia kwenye kebo ya gitaa. Mpigaji akiona sauti imerudi baada ya volti 48 kuwashwa, kilichokuwa hakina umeme ni DI, na betri ya gitaa lake iko palepale ilipokuwa.

Adapta ya pedali ni wazo ambalo mtu hulifikiria mara moja na kulijutia kila onyesho. Kwanza inaweza kuingiza mngurumo wa umeme wa ukutani kwenye sauti, kwa kuwa gitaa sasa lina njia mbili za kwenda ardhini: moja kupitia kebo ya sauti na nyingine kupitia adapta. Pili, adapta nyingi za pedali zina hasi katikati ya plagi na chanya nje, na anayelehemu bila kujua hilo hugeuza mikondo. Tatu, tundu jipya kwenye mbao halizibiki. Betri ya volti 9 ni kimya, na ukimya huo ndio unaoulipia.

Luthuli_Stringi

Salamu kutoka Nairobi. Ninatengeneza vyombo karibu na Luthuli Avenue na ningependa kuongeza mawili tu.

La kwanza ni nati ya jeki. Mwenye gitaa huiona imelegea, anaikaza kwa koleo kutoka nje, na jeki nzima inazunguka pamoja na nati hadi waya za ndani zinajisokota na kukatika. Waya hasi wa betri ni mmoja wao. Kabla ya kukaza, zuia jeki isizunguke, ama kwa kuishika kwa ndani kupitia tundu la sauti, ama kwa kupitisha kipini chembamba kwenye kijitundu cha pembeni ikiwa jeki ni ya aina ndefu inayopita kwenye kitako cha gitaa.

La pili ni la usalama. Betri ya volti 9 ina chanya na hasi upande mmoja, kwa hiyo ukiitia mfukoni pamoja na sarafu au funguo inaweza kujigusanisha na kupata moto wa kuchoma nguo. Bandika utepe juu ya vifungo vyake, iwe mpya ya akiba au nzee ya kutupwa. Zile za CR2032 nazo ziwekwe mbali na watoto wadogo kabisa. Mtoto akiimeza inaweza kuunguza koo lake ndani ya saa chache, na hiyo ni dharura ya hospitali, si ya kusubiri asubuhi.

FundiNyuzi

Ahsante fundi mwenzangu. Hilo la jeki kuzunguka lilistahili kuwemo kwenye andiko la kwanza.

MgeniWaJiji

Habari za leo wakuu. Gitaa langu lina betri mpya iliyosoma volti 9.4 kwenye mita, ndimi ni safi, tyuna inawaka vizuri, lakini nikichomeka kebo hakuna sauti kabisa. Nikitumia kebo ya mwenzangu sauti inatoka. Kebo yangu ni mpya na ni ghali kuliko yake, na nimeijaribu kupeleka muziki kutoka kwenye kinanda ikafanya kazi. Tatizo linaweza kuwa nini?

FundiNyuzi

Tazama ncha ya kebo yako. Hesabu mistari myeusi inayokata chuma. Kebo ya gitaa ina mstari mmoja. Nadhani yako ina miwili, yaani ni kebo ya stirio yenye pete. Pete hiyo huingia mahali ambapo shina lilitakiwa kugusa, kwa hiyo waya hasi wa betri haufiki kwenye shina, na priampu haiwaki. Tyuna inawaka kwa sababu ina njia yake ya umeme isiyopitia kwenye jeki. Kebo yako haina kasoro, ila si ya kazi hii.

MgeniWaJiji

Ina miwili. Nimeelewa, nashukuru.

Kisiwani_Pemba

Assalaam alaykum. Fundi, nimefuata yote. Ninachomoa kebo kila nikimaliza, tyuna naizima, na betri ni 6LR61. Bado haimalizi wiki mbili. Gitaa nililinunua likiwa limeshatumika. Nina multimita ila sijui nianzie wapi.

FundiNyuzi

Wa alaykum salaam. Hapo tunapima umeme unaovuja. Weka multimita kwenye kipimo cha miliampia za umeme wa betri, na uhamishe waya mwekundu wa mita kwenye tundu lake la ampia. Funga kifungo kimoja tu cha klipu kwenye betri, kile cha hasi, huku klipu ikiwa imepinda pembeni. Kisha gusisha waya mwekundu wa mita kwenye kifungo chanya cha betri na mweusi kwenye tundu chanya la klipu, ili umeme wote upite ndani ya mita. Usiguse chanya na hasi ya betri kwa pamoja mita ikiwa kwenye kipimo hicho, kwani utachoma fyuzi yake.

Kebo ikiwa nje na tyuna imezimwa, mita inatakiwa isome sifuri. Ikisoma miliampia moja au mbili, priampu haizimi, na mshukiwa wa kwanza ni jeki: aidha ulimi wa pete umepinda na unagusa shina muda wote, au fundi aliyetangulia aliunganisha waya hasi moja kwa moja kwenye shina ili "sauti itoke". Hili la pili nimelikuta mara nyingi kwenye magitaa yaliyokwisha kupita mikononi mwa watu. Ikisoma sifuri, chomeka kebo ya kawaida na usome tena, ili tujue priampu yenyewe inakula kiasi gani. Ikizidi miliampia 10 kuna kitu kwenye saketi.

Andika hapa tarakimu zote mbili, kebo ikiwa nje na kebo ikiwa ndani, na kama unaweza taja rangi ya waya uliolehemiwa kwenye kila mguu wa jeki.